Darubini zilizokoma kutengenezwa: ipi ya msituni, ipi ya mashuani

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu wawili wasiofanana kabisa. Wa kwanza ni kijana anayeanza kazi ya kuongoza watazama ndege katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Alinipigia simu akiwa mbele ya duka la vitu vya mtumba hapa Malindi: "Mwalimu, nimepata darubini mbili, zote zimeandikwa Zeiss. Moja ni bei ya kawaida, ya pili ni mara nyingi zaidi. Huyu muuzaji ananiambia ni kitu kile kile. Nichukue ipi?"

Wa pili ni nahodha wa mashua. Namwita Ami kwa sababu alivua pamoja na marehemu baba yangu. Yeye alikuja barazani kwangu baada ya swala ya alasiri, akakaa, akanywa kahawa, ndipo akasema: "Mwanangu, nitafutie darubini ya zamani, ya chuma. Hizi za siku hizi plastiki tupu."

Nimeona niwajibu wote wawili kwa maandishi, kwa sababu najua si wao peke yao. Malindi ni mji wa darubini kuukuu. Waitaliano, Waingereza na Wajerumani waliojenga nyumba hapa wakihama au wakifariki, vyombo vyao vinauzwa, na darubini iliyokaa kabatini miaka thelathini inaishia mezani kwa mchuuzi, kati ya kamera iliyokufa na saa isiyotembea. Nyingi kati ya hizo hazitengenezwi tena. Muuzaji hajui historia yake, mnunuzi hajui, na swali pekee linaloulizwa ni "inavuta mara ngapi?"

Mimi nauliza swali jingine kwanza: hii iliacha kutengenezwa kwa nini? Iko darubini iliyokoma kwa sababu nchi iliyoitengeneza ilitoweka kwenye ramani. Iko iliyokoma kwa sababu wanunuzi walibadili matakwa. Iko iliyokoma kwa sababu haikuzuia maji, na soko likaanza kudai kitu kisichopitisha maji. Na iko ile ambayo haikuwa nzuri tangu siku ya kwanza, ikauzwa kwa rangi na namba kubwa. Ya kwanza unaweza kuichukua bila wasiwasi mwingi. Ya mwisho usiichukue hata kwa bei ya chapati.

Kabla ya majina, hesabu moja fupi. Darubini ikiandikwa 8x30, namba ya kwanza ni kukuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 30 kwa 8 ni milimita 3.75. Huo ndio upana wa mwale wa nuru unaofika jichoni. Mchana kweupe ufukweni mboni ya jicho imebana, kwa hiyo milimita tatu au nne zinatosha. Lakini chini ya miti ya Arabuko saa kumi na mbili asubuhi, mboni imefunguka, na jicho linataka zaidi. Hesabu hii itarudi mara kadhaa huko mbele.

Zeiss mbili, nchi mbili

Muuzaji wa yule kijana alikosea, lakini kosa lake lina asili ndefu. Kampuni ya Carl Zeiss ilianzishwa mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1846, na mwaka 1894 ndiyo iliyoanza kuuza kwa wingi darubini za mkono zenye prizimu, yaani vipande vya kioo ndani yake vinavyoipindisha nuru. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Jena ilishikwa kwanza na Wamarekani. Kabla ya kuukabidhi mji kwa Wasovieti, waliondoka na makumi ya wataalamu wa kampuni hiyo wakawapeleka upande wa magharibi, na hao wakaanza upya Oberkochen. Wasovieti nao walipoingia walifungasha sehemu kubwa ya mitambo wakaipeleka kwao. Jena ikabaki na majengo, jina na mafundi. Mwaka 1948 kiwanda kikafanywa mali ya dola.

Basi kukawa na Zeiss mbili, kila moja ikisema ndiyo ya kweli. Walishtakiana katika mahakama za nchi nyingi kwa miaka mingi, hadi walipopatana London mwaka 1971 nani atumie jina lipi wapi. Ndiyo maana utakutana na darubini ya Jena iliyoandikwa "Carl Zeiss Jena", na nyingine ya kiwanda hicho hicho iliyoandikwa tu "aus JENA", yaani kutoka Jena. Ukiona hiyo ya pili usidhani ni ya bandia. Ilipelekwa soko ambako jina Zeiss lilikuwa la wale wa magharibi.

Darubini ya bei ya kawaida aliyoishika kijana ni Jenoptem 8x30 ya Jena. Ile ghali ni Dialyt 7x42 ya upande wa magharibi. Tuziweke ubavu kwa ubavu.

Jenoptem ni ndugu wa Deltrintem, jina ambalo Zeiss ililianza mwaka 1920. Zote mbili ni 8x30, zina prizimu za Porro, zile zinazofanya darubini iwe na mabega mapana, na watu waliozitumia zote watakwambia kuwa ukitazama ndani hutaona tofauti ya maana. Tofauti ipo kwenye vyuma na umaliziaji. Upana wa uwanja wake, yaani eneo unaloliona kwa mara moja, ni meta 150 kwa umbali wa meta 1000, na huo ni upana mkubwa hata kwa leo. Ujerumani Mashariki ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni, na darubini ilikuwa moja ya bidhaa chache ambazo wanunuzi wa Magharibi walizitaka kwa hiari yao. Kwa hiyo Jenoptem iliuzwa huko kwa bei ambayo viwanda vya Magharibi havikuweza kuifikia kwa ubora ule. Mwalimu wa shule wa Kiingereza aliyependa ndege aliweza kuimudu. Ndiyo maana zimejaa, na ndiyo maana zimefika hadi Malindi mifukoni mwa watu wa kawaida, si matajiri tu.

Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989, nchi ikaungana Oktoba 1990, na biashara iliyotegemea bei iliyopangwa na serikali ikakosa miguu. Jenoptem haikukoma kwa sababu watu waliichoka. Ilikomeshwa na historia. Hilo kwangu ni jambo zito wakati wa kununua, kwa sababu maana yake ni kwamba unalipa bei ndogo kwa kitu ambacho hakikushindwa kazi.

Zilizotengenezwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 zina maandishi "MULTI-COATED", yaani kila lenzi imepakwa tabaka kadhaa za utando unaozuia nuru isipotee kwa kumetameta. Ukiwa na hiari, chagua hiyo. Za kabla yake zina utando mmoja, na ukizitazama jua likiwa karibu na ndege, picha inaingia ukungu mweupe.

Dialyt 7x42 ilitoka Wetzlar, kwenye kiwanda cha Hensoldt kilichokuwa chini ya Zeiss ya magharibi. Hii ni darubini iliyonyooka kama mirija miwili, kwa sababu prizimu zake ni za aina ya paa. Na sasa angalia: upana wa uwanja wake nao ni meta 150 kwa meta 1000. Sawasawa na Jenoptem. Kwa hiyo anayesema "ya ghali inaona eneo kubwa zaidi" hasemi kweli. Tofauti ni ile hesabu yetu: 42 kwa 7 ni milimita 6, dhidi ya 3.75. Ndani ya msitu, bundi mdogo wa Sokoke amelala kichakani mchana, urefu wake haufiki sentimita 20, rangi yake ni ya jani kavu. Kwa Jenoptem nimemwona kama kivuli chenye masikio. Kwa Dialyt, dakika hiyo hiyo, kutoka pale pale niliposimama, nilihesabu mistari ya manyoya kifuani mwake, na jicho moja lililofunguka nusu kututazama.

Na kuna herufi B kwenye jina lake. Inasimama kwa neno la Kijerumani la mtu anayevaa miwani. Lenzi za macho za Dialyt zinaacha nafasi, huna haja ya kuvua miwani. Za Jenoptem haziachi: mwenye miwani ataona tundu dogo katikati, kama anayechungulia kwenye kitasa. Kijana wangu anavaa miwani. Hapo nusu ya jibu lake imeshapatikana.

Dialyt iliuzwa kwa njia iliyo kinyume cha Jenoptem: bei ya juu bila kuomba radhi, kwa wawindaji na watazama ndege walioambiwa kuwa wananunua kitu cha maisha. Iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, nafasi yake ikachukuliwa na ukoo wa Victory. Haikuondoka kwa ubaya wa picha. Wanunuzi walikuwa wamehamia kwenye kukuza mara 8 na mara 10, wakaiona 7 ni ndogo, na tena walitaka darubini iliyofungwa kabisa isiingie maji. Dialyt haikufungwa hivyo. Inavumilia manyunyu, haivumilii kuzama.

Hapa niseme neno kuhusu herufi nyingine ndogo, maana ndiyo inayowapotezea watu fedha. Prizimu ya paa huigawa nuru katika nusu mbili kisha huiunganisha tena, na nusu hizo zikirudi hazikupatana kidogo, picha hupungua makali. Zeiss ilianza kupaka utando wa kurekebisha hilo mwaka 1988, na ikauandika P na nyota. Darubini ya paa iliyotengenezwa kabla ya hapo, hata ya jina kubwa na bei kubwa, inaweza kushindwa makali na Porro ya nusu bei. Kwa hiyo Dialyt yenye T (alama ya Zeiss ya utando unaozuia kumetameta) na P zote mbili ndiyo ya kununua. Yenye T peke yake, mwambie muuzaji apunguze sana, au uiache.

Ile ya Marekani iliyozaliwa Japani

Kama ningekuwa na fedha ya kununua moja tu kwa ajili ya mdomo wa Mto Sabaki na ghuba ya Mida, nisingechukua hata moja kati ya hizo mbili. Ningetafuta Swift Audubon 8.5x44, namba ya modeli 804.

Hadithi yake ni ya biashara ya Pasifiki baada ya vita. Japani ilikuwa na mafundi wa lenzi waliozoea kazi za jeshi na sasa hawana jeshi la kulitengenezea. Marekani ilikuwa na watu wenye mishahara na wikendi. Wafanyabiashara wakaziba nafasi hiyo. David Bushnell alianza mwaka 1948 kuingiza Marekani darubini za Kijapani kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliiweza, na biashara yake ikakua hadi Bausch & Lomb, kampuni kongwe ya Kimarekani ya lenzi, ikainunua mwaka 1971. Swift Instruments ya Boston ilifuata njia hiyo hiyo ya kuagiza Japani, lakini ikafanya jambo la busara: badala ya kuuza darubini ya kila kitu, yaani mbio za farasi, mpira na tamthilia, iliunda moja kwa ajili ya watazama ndege na kuipa jina la John James Audubon, mchoraji wa ndege wa Marekani aliyefariki mwaka 1851. Jina lenyewe likawa tangazo. Aliyependa ndege alijua ni yake bila kuelezwa.

Na haikuwa jina tupu. Uwanja wake ni kiasi cha meta 143 kwa meta 1000 japo inakuza mara 8 na nusu, na 44 kwa 8.5 ni zaidi kidogo ya milimita 5. Iko katikati ya Jenoptem na Dialyt kwa mwanga, na inawazidi wote wawili kwa kukuza. Pale Sabaki, maji yakiwa yamekupwa, ndege wako mbali juu ya tope: heroe wamesimama upande wa kusini, sululu na midomo yao iliyopinda, membe wamejaa kwenye fungu la mchanga. Hapo nusu moja ya ziada ya kukuza inaleta tofauti. Na Mida, wale ndege weusi kwa weupe wanaokula kaa, ambao wageni wanasafiri maelfu ya kilomita kuja kuwaona, hawakubali usogee.

Kasoro zake? Ni pana na ina uzito. Mtu mwenye mikono midogo ataichoka. Na modeli 804 haikufungwa dhidi ya maji. Swift wenyewe walilijua hilo, maana baadaye walitoa modeli 820, Audubon ya Porro isiyopitisha maji. Ukiikuta 820 mtumba hapa pwani, ichukue mbele ya 804, hata kama wapenzi wa zamani watakwambia ile ya kwanza ilikuwa na roho zaidi.

Kilichoiua Porro nzuri duniani kote ni soko. Tangu kampuni ya Swarovski ya Austria ilipotoa darubini yake ya EL mwaka 1999, kila mnunuzi mwenye fedha alitaka darubini nyembamba ya paa, iliyofungwa, yenye mpira nje. Hata Nikon, iliyokuwa na Porro ya SE 8x32 ambayo waliowahi kuitumia huizungumzia kwa heshima, iliiacha ikaisha katika miaka ya 2010. Picha ya SE ilisimama bega kwa bega na za paa za bei ya juu zaidi. Lakini dukani mteja aliona umbo la babu yake, akasogea rafu ya pili. Naumia kila nikifikiria hilo, kwa sababu kwa mtu wa kipato chetu Porro ndiyo njia ya kuona vizuri kwa gharama ndogo: prizimu zake hazihitaji ule utando wa P, ni rahisi kuzitengeneza vyema.

Ya Ami

Baharini mambo yanageuka. Mashua inayumba, mkono unayumba, na kila namba ya kukuza inakuza pia mtikisiko. Ndiyo maana majeshi ya majini yalitulia kwenye 7x50: kukuza mara 7 tu, na mwale wa milimita 7 ambao hautoki jichoni hata chombo kikipanda na kushuka, na unafaa alfajiri kabla jua halijachomoza.

Ami alitaka ya chuma, na ya chuma ninayoijua kwa kuishika ni Barr & Stroud CF41 7x50, ya jeshi la majini la Uingereza, iliyotengenezwa Glasgow. Ina vioo vya kuchuja nuru ndani yake, unavizungusha jua likiwaka juu ya maji. Kila jicho hurekebishwa peke yake, na ukishaweka ya mbali huna haja ya kugusa tena. Imefungwa kuliko Porro yoyote ya kiraia ya wakati wake. Nyingine zina alama ya mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Hii haikutangazwa magazetini kwa sababu mteja wake alikuwa mmoja, na mteja huyo alijua anachotaka. Kampuni ilinunuliwa na Pilkington mwaka 1977 na utengenezaji wa darubini ukafikia mwisho. Leo utaona darubini mpya zenye jina Barr & Stroud zinazotengenezwa Uchina. Hizo zina jina tu la kile kiwanda cha Glasgow. Zinunue kwa ubora wake wenyewe ukipenda, lakini usilipie historia.

Hata hivyo nilimwambia Ami ukweli: CF41 ina miaka zaidi ya sabini. Mpira na grisi iliyozuia maji imekwisha kazi. Uzito wake shingoni ni kama kubeba jiwe la nanga. Kama hajui fundi wa kuifunga upya, chumvi itaingia ndani ya msimu mmoja wa kaskazi. Kwa mashua yake, 7x50 mpya ya bei ya kati, iliyojazwa naitrojeni na kufungwa, itamsaidia zaidi kuliko chuma cha vita.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi ile ya chuma nitaiweka nyumbani, nitazame mwezi." Nikamwambia hiyo ni kazi inayoifaa.

Kuhusu Tento, darubini za Kisovieti zenye herufi БПЦ ambazo wengi husoma BPC, nitapita haraka. Zilitengenezwa Kazan na Zagorsk, zikauzwa nje kwa jina hilo la Tento. Ni imara, na picha yake katikati ni nzuri kwa bei, ila nyingi hutia rangi ya manjano kidogo, na hilo ni tatizo ukitaka kutofautisha manyoya. Ya 7x50 au 8x30 ni ununuzi wa haki. Ile ya 20x60 ndiyo watu huikimbilia kwa sababu ya namba. Kuna mzee Ngomeni aliyekuwa nayo, akiiegemeza dirishani kutazama majukwaa ya San Marco, kule ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Dirishani inafaa. Mkononi haifai: mapigo ya moyo wako yanatosha kumrusharusha heroe kama anacheza ngoma.

Nyekundu

Kuna darubini nitakazozisema kwa uchungu, kwa sababu nilinunua moja nikiwa kijana, kwa mshahara wangu wa kwanza, kutoka kwa mchuuzi ambaye nilimwamini. Lenzi zake za mbele zilikuwa nyekundu, ziking'aa kama rubi. Ziliandikwa jina la Kijerumani. Zilidai kukuza kuanzia mara 10 hadi 30 kwa kusukuma kijiti. Nilizipeleka Gede asubuhi, nikatazama ndege wa kijani juu ya ukuta wa magofu, nikaona kila kitu kimekuwa cha kijani, ukuta, mbuyu, mbingu. Utando mwekundu unarudisha nje nuru nyekundu badala ya kuiingiza, kwa hiyo picha inafifia na rangi zinapotoka. Kazi yake ni kuvutia macho dukani.

Mtindo huo ulienea sana miaka ya 1980 na 1990, na majina ya bei rahisi ndiyo yaliyoubeba. Soko la namna hiyo ni la ukatili hata kwa wauzaji: Tasco, iliyoanzishwa Miami na George Rosenfield mwaka 1954 na ambayo ilikuwa jina la kila duka, ilifunga milango mwaka 2002 na chapa yake ikachukuliwa na Bushnell. Sisemi kila Tasco ni mbovu. Za Kijapani za miaka ya 1960 na 1970 nyingine ni nzuri kweli. Utazijua kwa alama ndogo karibu na bawaba, herufi JB na namba, iliyotambulisha kiwanda kilichotengeneza mwili wake, na pengine kibandiko kidogo cha dhahabu cha taasisi ya Japani iliyokuwa ikikagua darubini kabla ya kusafirishwa. Alama ya JB inakwambia zaidi kuliko jina kubwa lililoandikwa juu.

Na Jenoptem za kughushi zipo. Ikiwa na lenzi nyekundu, haikutoka Jena.

Barazani, na tochi ya simu

Kijana alikuja na darubini zote mbili, muuzaji amemkubalia azijaribu siku moja. Tulikaa barazani jua likielekea kuzama. Nilimwonyesha hivi.

Washa tochi ya simu, iingize upande wa lenzi kubwa, chungulia kwa pembeni, si moja kwa moja. Vumbi si kitu. Unachotafuta ni kuvu: nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi ya nyasi au utando wa buibui. Unyevu wa pwani yetu, hasa mvua za masika, ndio chakula chake, na ikikaa muda inakula kioo chenyewe. Jenoptem ilikuwa safi upande wa kushoto. Kulia, ukingoni mwa prizimu, kulikuwa na alama ya ukubwa wa punje ya mchele. Dialyt ilikuwa safi pande zote mbili.

Kisha tazama kitu chenye mstari ulionyooka, mbali. Tulitumia mlingoti wa mashua iliyotia nanga. Tazama kwa macho yote mawili, halafu isogeze darubini polepole mbele kutoka usoni. Mlingoti ukigawanyika kuwa miwili, mirija haitazami mahali pamoja: iliwahi kuanguka. Ubongo utajitahidi kuuunganisha, na jioni utakuwa na maumivu ya kichwa usiyojua yametoka wapi. Kwa Jenoptem mlingoti ulibaki mmoja. Kwa Dialyt ulibaki mmoja pia, na kijana, miwani yake ikiwa usoni, alisoma jina la mashua ambalo mimi sikuwa nimeliona.

Mwishowe zungusha gurudumu la kulenga mwanzo hadi mwisho. Likiwa gumu kama la mlango wenye kutu, grisi imekauka. Fundi hodari wa saa anaweza kulisafisha. Likiwa linazunguka bure, acha.

Nilimwambia hivi: kama fedha yote uliyonayo ni ya Jenoptem, chukua Jenoptem, lakini dai punguzo kwa ile kuvu, na macho yako yakubali kuvua miwani kila mara. Kama kazi yako itakuwa Arabuko siku nne kwa wiki, Dialyt italipa gharama yake, kwa sababu mgeni aliyekuja kumwona bundi wa Sokoke, au mnana wa Clarke ambaye hapatikani popote nje ya kaunti yetu ya Kilifi, anamlipa kiongozi anayeona kwanza. Na kama ungesubiri miezi mitatu nikutafutie Audubon 820, ungekuwa na moja ya msituni na ya Sabaki kwa pamoja.

Hakusubiri. Alikopa kwa kaka yake, akachukua Dialyt. Nilimpa bati la biskuti lenye mfuniko unaobana na vifuko vile vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, nikamwambia darubini ilale humo kila usiku, kusi na kaskazi, na vifuko avianike juani kila Ijumaa.